Mahali pa Kuanika Jua

Jumatatu, 14 Julai 2025

Siku mbaya kwa jenereta. Huenda ikawa njema kwangu.

Saa mbili asubuhi meneja wetu, Bwana Florian Lwakatare, alitukusanya wote mbele ya vyumba vya baridi. Ni Mhaya aliyesoma, anaongea kama anasoma risala hata akiomba chumvi. Alisema wanunuzi wa ng'ambo wanaipenda minofu yetu ya sangara, ila siku hizi hawaulizi samaki peke yake, wanauliza na umeme uliomgandisha. Wanataka umeme wa kijani. Umeme wa jua, wenye mabetri ya kuuvusha usiku, usiokatika hata dakika moja. Paneli zimeshafika, zimo kwenye makontena uani. Kinachokosekana ni ardhi: ekari thelathini, tambarare, hazina mawe, ziko karibu na nguzo za umeme. Ijumaa ya wiki ijayo wanunuzi wanakuja. Wakikuta hatuna eneo, wanahamia kiwanda kingine, na sisi mia nne tutabaki tunalitazama ziwa.

Ekari thelathini zisizo na mawe. Mwanza! Hapa hata jiwe hupanda juu ya jiwe kwa kukosa nafasi.

Jenereta litauzwa. Nimelilea miaka kumi na minne. Naliita Bi Mkubwa. Likiondoka naondoka nalo, labda nipate cheo kipya alichokitaja meneja: Msimamizi wa Umeme wa Kijani. Kina ofisi. Kina kiti kinachozunguka. Atakayeleta eneo ndiye atakayekikalia.

Mpinzani ni mmoja tu. Kija Ngosha, fundi mkuu wa umeme, Msukuma wa Misungwi. Ana tabia mbaya ya kupima kitu kabla ya kukisemea. Namtania kwamba kwao herufi R haijafika, maana anasema "lipoti". Hunijibu kwamba lipoti zake husomwa, na ripoti yangu haijawahi kuandikwa. Sijali. Mimi Yahaya ni mtoto wa Mabatini, mjini hapa, Kiswahili changu kimenyooka. Kwa maneno matamu nitapata ardhi kabla yeye hajakunjua futi yake.

Jumatano, 16 Julai

Nimepata ardhi. Kisha nimeikosa.

Mbele kidogo ya kiwanda kuna ufuko ambapo kina mama huanika dagaa. Mchanga mtupu, jua kutwa. Nilimweleza meneja kwamba tumekuwa tukiitafuta dhahabu tukiwa tumeikalia. Akaniruhusu kufanya jaribio kwa paneli sita na mita moja.

Mwenyekiti wa wauza dagaa ni mama mmoja anaitwa Dorcas, mwanamke ambaye hajawahi kumkubalia mtu wa kiwandani hata salamu ya pili. Leo alinipokea kwa tabasamu. Alizipapasa paneli. Akauliza kama zinapata moto. Nikamjibu zinapata moto sana. Akauliza kama zinaoshwa. Nikamjibu kila siku. Akasema tulete nyingi kadiri tutakavyo. Nikarudi ofisini natembea kama mtu mwenye kiti kinachozunguka.

Saa sita mchana mita ikasoma sifuri. Anga jeupe, jua la kuchoma utosi, na sifuri. Kija alienda kutazama, akarudi na dagaa mmoja mkavu mkononi. Akaniwekea mezani. Paneli zote sita zilikuwa zimejaa dagaa, wamepangwa vizuri kutoka pembe hadi pembe. Mama Dorcas alituma salamu kwamba tangu azaliwe hajaona kichanja safi namna ile, dagaa hawana hata chembe ya mchanga, na ameomba ishirini zaidi.

Meneja aliniuliza kilichoshindwa ni jua au ni mimi. Nikamwambia jua lilifanya kazi yake vizuri, ila waliowahi kuliajiri ni wengine.

Hakucheka.

Alhamisi, 17 Julai

Mungu hamtupi mja wake!

Saa ya chai Kija alikuwa anamweleza mpishi kwamba baba yake ana shamba la zamani la pamba huko Misungwi. Ekari thelathini na kitu. Halina hata kokoto. Nyaya za umeme zinapita pembeni yake. Ila mzee haingiliwi kwa pupa, anafuatwa kwa utaratibu, na yeye Kija amepanga kwenda kumkalisha kitako Jumapili. Mimi nilikuwa nyuma ya birika. Chai ikanipalia.

Jumapili! Anayengoja Jumapili huikuta Jumamosi imeshapita.

Nilienda kwa karani wa utumishi. Nikasema nahakiki namba za ndugu wa kupigiwa simu endapo mfanyakazi atapigwa na shoti. Nikapata namba ya Mzee Ngosha. Jioni nikampigia kutoka nyumbani, chumbani kwangu, mlango umefungwa ili shangazi yangu Bimdogo asisikie.

Shikamoo mzee. Marahaba. Nikajitambulisha kwamba ni Yahaya, nafanya kazi na Kija. Nikasema ningependa kuja Jumamosi na wakubwa wangu, tuzungumzie mahali.

Mzee akakaa kimya. Kisha akakohoa.

Akauliza, mahali? Nikasema ndiyo mzee, mahali. Akauliza kama Kija anajua. Nikamwambia hajui, na ni heri asijue mpaka sisi wanaume tuelewane. Akacheka kwa muda mrefu. Akasema alishakata tamaa, maana vijana wa siku hizi wanachukua tu bila kuuliza wenyewe. Nikamwambia mimi si wa kuvamia, nafuata taratibu. Akasema njoo, mwanangu.

Mwanangu! Sijawahi kuona mwenye shamba mwenye heshima kiasi hicho kwa mwekezaji.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeshiba mpaka kalamu nzito. Lakini lazima niandike ushindi ukiwa bado wa moto.

Msafara ulikuwa wa watu watatu. Mimi. Shangazi Bimdogo, ambaye bila kuambiwa alivaa gauni lake la harusi za watu na kujifukiza udi. Na jirani yetu Khalidi, fundi cherehani, kwa sababu ana kanzu nzuri, anajua kuongea na ana mwandiko. Niliwaambia tunaenda kwa ajili ya mahali, wakae wapendeze, mengine waniachie. Bimdogo akasema yeye hana neno, amengoja siku hii muda mrefu. Sikujua kama anapenda nishati namna hiyo.

Tulipofika tukapigiwa vigelegele. Kuku walikuwa wameshachinjwa. Michembe ya karanga, vile viazi vitamu vikavu vya kwao, ilikuwa mezani. Mzee Ngosha alikuwa ameketi na kaka zake wawili, wote na fimbo. Akasema wamesikia tumekuja kwa mahali, tujieleze.

Nikajieleza. Nikasema hapa kwenu nimepapenda. Hapana mawe, hapana vichaka, na jua linapapiga kutwa nzima. Wazee wakatazamana. Kaka mkubwa akasema jua ni kweli lipo, ila wanaweza kututolea viti chini ya mti. Nikasema hapana, mti usiwepo kabisa.

Mzee akaanza kusifia. Na hapa niandike jambo moja kuhusu wenzetu wa huku: ngeli zinawashinda. Badala ya kusema "pametulia" anasema "ametulia". Ana nguvu, anasema. Ametunzwa vizuri. Hajawahi kukaa na mtu mwingine. Nikaelewa kwamba shamba halijawahi kuwa na mpangaji. Nikamsamehe hizo ngeli zake, kila mtu na shule yake.

Wakauliza nitamtunzaje. Nikasema nitazungusha uzio wa waya, na mlinzi usiku na mchana. Kaka mdogo akasema uzio umezidi. Nikasema mkataba ni miaka ishirini na mitano, tukiridhiana tunaongeza. Mzee akasema kwao jambo hili halina miaka, ni la moja kwa moja. Nikasema moja kwa moja ni bora zaidi, hata mimi sikutegemea bahati hiyo. Vigelegele!

Wakauliza suala la dini je. Swali la ajabu, lakini mzungumzaji hodari hakosi jibu. Nikasema jua halina dini, linawawakia wote. Wazee wakatikisa vichwa. Mzee akafuta jicho.

Mara moja tu mambo yaliharibika. Nilisema faida haitakuwa yangu peke yangu, watu mia nne wa kiwandani watafaidika. Kaka mkubwa akasimama na fimbo. Khalidi akawahi kusema nilikuwa na maana ya pilau. Sikuelewa pilau imetokea wapi, ila kaka mkubwa akakaa.

Bei: ng'ombe thelathini. Nikaelewa haraka, ng'ombe mmoja kwa ekari, ndivyo wakulima wanavyohesabu. Nikakaza. Nikasema hapa kwenu pamekaa miaka mingi bila mtu kuja kupaulizia, kwa hiyo tusipandishiane. Bimdogo akanifinya paja. Tukakubaliana ishirini na wawili. Khalidi akaandika hati, mimi nikatia sahihi bila kusoma kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta ya kuku. Mzee akaitia kwenye bahasha, akaibandika.

Nimempunguza mtu ng'ombe wanane. Kija na futi yake angeweza?

Jumatatu, 21 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilimkabidhi meneja bahasha mbele ya kikao chote cha asubuhi. Kija alikuwepo. Jana, Jumapili, hakwenda Misungwi kwa sababu baba yake alimpigia simu akamwambia mambo yote yameshakamilika, asiwe na wasiwasi, na akacheka. Kija alidhani ni habari ya shamba. Alikuwa amenuna, akijua nimemzunguka. Nilimpepesea jicho.

Bwana Lwakatare akasimama, akafungua, akasoma kwa sauti yake ya risala. "Sisi wazee wa pande zote mbili, tukiwa na akili timamu, tumekubaliana mahari ya binti yetu Kija Ngosha kuwa ni ng'ombe ishirini na wawili, zitakazotolewa na kijana Yahaya."

Mahari. Kwa R. Khalidi aliiandika hiyo R kubwa, imenyooka, hata kipofu angeiona.

Nilimtazama Kija nikamkuta ananitazama. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nilipotia dizeli kwenye tangi la maji. Alinyoosha mkono, akachukua hati, akaisoma mara mbili. Akasahihisha "zitakazotolewa" kuwa "watakaotolewa" kwa kalamu yake. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, wazee walianza na ng'ombe wangapi.

Nikasema thelathini.

Akauliza ni nani aliyempunguza wanane.

Meneja aliahirisha kikao. Alinikumbusha pembeni kwamba zimebaki siku nne, na kwamba paneli hazifungwi juu ya bi harusi.

Jioni nilimfuata Khalidi. Akashangaa. Akasema huko Misungwi kila aliyefungua mdomo alizungumzia mahari, yeye akajua mjini nilikuwa naficha kwa haya. Nikamfuata Bimdogo. Akasema alisikia simu yote kupitia ukutani, alijua tangu Alhamisi mzee ameelewa nini, na mwanamume wa miaka arobaini na moja anayelala na jenereta harekebishwi matamshi.

Jumatano, 23 Julai

Mzee Ngosha amepiga simu. Anauliza ng'ombe wamefika wapi njiani, maana ameshawaandalia zizi.

Nikaamua kuwa mkweli. Nikasema mzee, kuna kosa dogo la herufi. Mimi nilisema mahali, si mahali. Akasema ndiyo, mahali. Nikasema si hiyo mahali, ni mahali. Akasema ndiyo hiyo hiyo, ng'ombe ishirini na wawili. Nikatamka polepole, ulimi nimeubandika juu ya meno. Akaniuliza kama naumwa jino. Tulienda hivyo robo saa, salio likaisha. Akanipigia yeye.

Mwisho nikasema shamba. Nilikuja kuomba shamba.

Akauliza, kwa hiyo mwanangu humtaki? Sauti yake ilikuwa ndogo. Iliniuma kweli. Nikasema si kwamba simtaki mzee, ni kwamba hakuna aliyeniuliza. Akasema basi, shamba kwa mgeni haliendi, ila mkwe ni mtu wa nyumbani, mkwe analima atakapo. Akakata.

Nikapiga hesabu. Nikioa, kiwanda kinapata umeme. Nisipooa, watu mia nne wanakosa kazi na Bi Mkubwa anauzwa bure. Taifa limewahi kumtegemea kijana wa Mabatini kiasi hiki?

Nikamfuata Kija chumba cha mabetri. Nikamwambia nina wazo: tuwe wachumba mpaka Ijumaa saa kumi, wanunuzi wakishaondoka tutengane kwa amani. Alikuwa anapima nyaya. Hakuinua kichwa. Akasema kama ni uchumba wa saa za kazi, alipwe ziada. Kisha akafunga kisanduku chake cha vifaa, akasema kesho anaenda kwao mwenyewe, na mimi nikae mbali na simu, mbali na Misungwi na, ikiwezekana, mbali na herufi zote.

Alisema hataki kuolewa na mimi, wala kwa masaa. Alisema bila ubaya. Hata hivyo ilinichoma kidogo, sijui kwa nini. Anashika bisibisi vizuri sana.

Ijumaa, 25 Julai

Kiwanda kimepona. Cheo sijapata. Mbuzi nadaiwa mimi.

Jana Kija alimweleza baba yake kila kitu, kuanzia birika la chai. Mzee alicheka mpaka akapewa maji. Alipotulia, akasema kitu ambacho Kija amenisimulia mara mbili ili nisikisahau: kwamba alikuwa anaona lile shamba ni la kuchungia mbuzi tu, lakini mtu anapoacha kazi zake, anaazima kanzu na shangazi na kukubali ng'ombe ishirini na wawili kwa ajili yake, basi lina thamani asiyoijua. Kija akachukua hati yangu kama ushahidi. Akafuta jina lake, akaandika "shamba". Akamwambia baba, hii ndiyo bei ya kuanzia, tena iliyopunguzwa na mtu asiyejua kununua.

Mzee hakuliuza. Amemwandikisha Kija kuwa mwenye shamba, na Kija amelikodisha kwa kiwanda miaka ishirini na mitano. Leo saa tano wanunuzi wamesimama katikati ya ekari thelathini, jua linawachoma vichogo, wakasema hawajawahi kuona mahali pazuri hivi. Neno hilo lilipotamkwa wazee watatu waligeuka wakanitazama.

Kija ndiye Msimamizi wa Umeme wa Kijani. Kiti kinazunguka kweli, nilikijaribu alipotoka.

Mimi nimetozwa mbuzi dume mmoja kwa kosa la kuzungumzia ardhi kwa mdomo wa posa. Kaka mkubwa alitaka wawili, Kija akamwambia kwetu tunajua kupunguza. Kisha akanigeukia akasema amenipa kazi ya kuosha paneli zikishafungwa, kwa sababu kwa miaka kumi na minne sijawahi kuacha vyumba vya baridi vipate joto, na hilo amelipima. Sikujua kama ananipima. Nilishukuru.

Alhamisi, 22 Januari 2026

Wiki ya tatu ya umeme wa jua. Juzi mvua ilinyesha mchana kutwa, anga likawa jeusi, wote tukasimama tunaitazama taa ya chumba cha baridi. Haikupepesa. Mabetri yalibeba mzigo hadi jua lilipotoka. Bwana Lwakatare alisoma risala fupi. Bi Mkubwa ameuzwa kwa mtu wa muziki wa harusi, na nasikia kila Jumamosi yuko shereheni. Angalau mmoja wetu.

Paneli zangu zinang'aa. Kija hupita na kidole chake kuzikagua, na bado ananiita Ng'ombe Wanane.

Sasa kuna nafasi mpya. Kiwanda kinapanuka, zinatakiwa ekari kumi nyingine, na zamu hii karibu na mjini. Leo saa ya chai Prudencia, msichana mpya wa maabara, alisema baba yake ana eneo tambarare Buhongwa. Halina mawe. Nilikuwa nyuma ya birika.

Lakini mimi si yule wa Julai. Nimejifunza. Neno "mahali" sitalitamka tena maishani, linachanganya watu. Shughuli kama hii inataka maandishi. Namba ya mzee nimeipata kwa karani, nimeshampigia. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia kwa ufasaha, kila silabi peke yake, kwamba mimi ni Yahaya, nafanya kazi na Prudencia, na Jumamosi nitakuja na wakubwa wangu kuleta barua.

Akauliza, barua? Nikasema ndiyo mzee, barua. Akauliza kama Prudencia anajua. Nikamwambia bado.

Bimdogo ameshatoa gauni lake kabatini, analipiga pasi, anaimba. Sijamwambia lolote. Masikio yake yanazidi kuwa makali.

Mzee alikaa kimya, kisha akakohoa. Hawa watu wa Buhongwa wanaheshimu sana maandishi.